Ndama Niliyempoteza kwa Kiingereza

Niliporudi Usangi kutoka masomoni Uingereza, nilikuwa mtu wa kuchosha sana. Hata kuku niliwafukuza kwa Kiingereza.

Namkunda, mjane aliyenitunzia ng'ombe miaka mitatu, nilikuwa nimemwahidi ndama jike wa kwanza. Ndama alipozaliwa nikamwona mzuri mno, ahadi ikanitoka kichwani.

Siku moja Namkunda akanifuata mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

"Msomi, huyu ndama nimfanyeje? Niambie kwa Kiingereza, na mimi nijifunze neno."

Kichwa kikanivimba. "Keep," nikasema. "Maana yake, mtunze."

"Lo, neno tamu! Niandikie basi, nisije nikalisahau."

Nikaandika kwa mwandiko wa madaha: "Namkunda, keep the calf." Nikatia na sahihi, ingawa hakuna aliyeniomba.

Mwaka uliofuata nilikwenda kumchukua ndama wangu, sasa mtamba. Namkunda akanipeleka ofisini kwa mwenyekiti, akampa ile karatasi. Mwenyekiti akafungua kamusi, akasoma maana ya kwanza: "Kubaki na kitu kiwe chako."

"Mimi nilikusudia maana ya pili!" nikapiga kelele.

"Ungeiandika hiyo ya pili," akasema, akafunga kamusi.

Tulipotoka nje nilimuuliza Namkunda ni nani aliyemfundisha hila ile.

"Hakuna, Msomi. Niliwapikia masista wa misheni miaka kumi na mmoja. Kila nikiwarudishia chenji ya sokoni waliniambia 'keep', nami nikabaki nayo."