Mguu wa Nakunda na Kizibo cha Ndiva

Hapo zamani, milimani kwenyewe, watu walipokuwa wakiyafungulia maji kila alfajiri kama mtu anavyofungulia mbuzi zizini, aliishi mwanamke jina lake Nakunda. Kazi yake ilikuwa kuutembea mfereji. Juu kabisa ya kijiji palikuwa na bwawa la udongo, wenyewe wakiliita ndiva, ambalo chemchemi ililijaza usiku kucha. Alfajiri Nakunda hung'oa kizibo, kisha huyafuata maji mbiombio mpaka mashamba ya mwisho bondeni. Hapa anazibua, pale anaziba, hapa anatoa majani, pale anamfokea mwenye ng'ombe. Kwenda na kurudi, kila siku ya Mungu, kwa miaka kumi na saba.

Mama huyo alikuwa hashikiki. Akila, anakula amesimama. Akipata mgeni, anamsindikiza kabla mgeni hajapata kigoda. Mumewe, Sengondo, alikuwa akisema tangu amwoe hajamwona akiegemea ukuta, na sidhani kama alikuwa anatania.

Basi siku moja, akiruka kutoka jiwe hadi jiwe kama alivyoruka mara elfu, mguu wa kushoto ukatua vibaya. Akasikia kitu kikilia ndani ya wayo: ka! Mimi na wewe tungekaa chini tukapiga yowe. Nakunda alirarua kipande cha kaniki yake, akaufunga mguu, akamaliza mfereji. Kesho yake akaenda. Keshokutwa akaenda. Siku tisa nzima aliutembelea mfupa uliovunjika, anachechemea huku anawaambia watu kachomwa na mwiba. Siku ya kumi mguu ukavimba hata ndara haikuingia. Sengondo akamkuta anatambaa kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye mfereji."

"Kwa magoti?"

Sengondo akambeba, akamlaza kitandani.

Akaitwa Bibi Nanzia, muunga mifupa, bibi mfupi mwenye ugoro puani na vidole gumba vigumu. Aliupapasa mguu ule polepole, vidole vikasimama juu ya wayo, palepale katikati. Nakunda akauma shuka. Bibi akaunyoosha mfupa, akauzungushia vijiti vya mwanzi na kamba za mgomba, akamaliza ndipo akasema.

"Siku sitini, mwanangu. Usiukanyage chini hata mara moja. Ukiukanyaga kabla ya hapo, utatembelea mkongojo mpaka siku ya kuzikwa."

Hapo Nakunda akalia. Tangu avunjike hakuwa amelia kwa maumivu, lakini sasa alilia, kwa sababu alikumbuka siku ya kizibo.

Nanyi hamuijui siku hiyo, basi niwaambie. Kila mwaka, kabla ya kupanda mbegu, wazee wa mfereji hukutana ndivani. Mtembea mfereji hupanda kwa miguu yake mwenyewe, bila fimbo, bila kushikwa. Asipoweza, kazi inampita, anapewa mwingine, na hairudi tena. Akiweza, huushika mti mrefu wa kizibo kikuu na kumwita mtu mmoja waung'oe pamoja. Shamba la huyo aliyeitwa ndilo hupata maji ya kwanza msimu mzima. Kufikia siku ya kizibo zilikuwa zimebaki siku sitini na saba.

Wazee walipokuja kumpa pole, Nakunda aliwaambia mbele ya wote: "Nikipanda ndivani mwaka huu, atakayekuwa amenirudishia mguu wangu ndiye nitakayemwita." Wazee wakasikia, na neno likisikiwa na wazee wale halifutiki.

Sasa kazi ikawa kukaa. Ee ndugu zangu, mnadhani kukaa ni kazi ndogo? Nakunda alizihesabu fito za paa. Alipura maharage yote ya nyumbani, akaagiza ya majirani. Alimfundisha mumewe kufagia, mumewe aliyekuwa akifagia tangu ujana wake. Kilichomuuma zaidi ya mfupa ni kwamba dunia ilikuwa inaendelea bila yeye, na ikiendelea vizuri tu.

Kazi yake aliichukua Namboje, wifi yake, dada wa Sengondo, mjane mwenye shamba moja la maharage bondeni kabisa. Kila alfajiri Namboje alipanda kung'oa kizibo, na mfereji ulipita hatua chache tu kutoka mlango wa Nakunda, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa peke yake juu, mbali na nyumba nyingine. Nakunda akilala pale alisikia maji yakipita, roho ikamtulia. Jioni Namboje hupita.

"Wifi, umezibua pale kwenye mizizi?"

"Nimezibua, wifi."

"Na kule kwa yule mkorofi, umempa zamu yake tu?"

"Yake tu. Kanuna. Lala."

Siku ya kumi na mbili kuku aliingia ndani akaparua unga. Nakunda, kabla hajafikiri, akawa kashasimama. Maumivu yalimpanda hadi kwenye meno. Bibi Nanzia akaja tena, akakivuka kilima kwa miguu yake ya uzee, akafungua, akakuta mfupa haujahama sana, akanyoosha, akafunga. Alipomaliza alimpa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele za watu. Tangu siku hiyo Nakunda aliogopa kweli, akakaa.

Ikafika siku ya arobaini na moja. Asubuhi ile maji yalichelewa kupita. Yalipopita, yalikuwa membamba, na yakaisha upesi.

"Sengondo, maji yana nini leo?"

"Kiangazi hicho. Chemchemi imepungua."

Siku ya pili yakawa vilevile, ya tatu vilevile, mpaka siku sita. Namboje jioni akawa hapiti, akituma salamu kwamba kachoka. Siku ya saba maji yakapita kwa kishindo kama zamani. Nakunda akamshukuru Mungu, wala hakuuliza zaidi.

Siku sitini zikatimia. Bibi Nanzia akafungua vijiti, akaminya, akasikiliza, akasema, "Simama." Nakunda akasimama. Mguu ulikuwa mwembamba na ngozi imekauka, lakini ulimbeba. Alicheka mpaka akakaa tena. Kisha, mnamjua, akatoka nje hapohapo, taratibu, hatua kwa hatua, kuufuata mfereji kuelekea juu.

Hakufika mbali. Chini kidogo ya ndiva, kwenye jiwe la pembeni, ukingo wa mfereji ulikuwa mpya. Ulikuwa umebomoka wote ukajengwa upya, tena vibaya: mawe yametangulia, udongo umefuata. Baba yake Nakunda alimfundisha yeye peke yake kuutengeneza ukingo ule. Migomba kwanza, imelazwa kufuata maji, kisha udongo, na mawe mwisho. Akatazama bondeni. Mashamba yote yalikuwa kijani, isipokuwa moja la mwisho, lililokuwa kahawia. Lilikuwa shamba la Namboje.

Akarudi nyumbani mguu ukimuuma, na moyo ukimuuma zaidi. Akawaita Sengondo, Namboje na Bibi Nanzia.

"Ukingo ulibomoka lini?"

Sengondo akatazama miguu yake. "Siku ya arobaini na moja."

"Na maji niliyoyasikia mlangoni?"

"Ni mimi. Nilichota mtoni kabla ya mapambazuko, mitungi kumi na miwili, nikamimina pale kwenye kona ya juu ili uyasikie yakipita. Siku sita."

"Mmenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Mimi mtembea mfereji, ndani ya nyumba yangu!"

"Ningekuambia ungefanya nini?" Sengondo akauliza. "Sema kweli. Ungekaa? Ungeshika njia kabla sijamaliza neno, na leo ungekuwa na mkongojo. Mabega yangu haya hapa, tazama, yana vidonda vya mitungi. Mfupa uliungwa na wengine, sikatai. Lakini aliyeuzuia usivunjike tena ni mimi."

Namboje akasogea karibu. Sasa akasema, bila kupaza sauti. "Mimi nilitaka kuja kukuuliza tu, wifi. Kuuliza tu jinsi ya kuulaza mgomba. Kaka akaniomba nisije, kwa sababu ungenisoma usoni. Nikakubali. Nikajenga na wanaume wanne, ukabomoka. Nikajenga, ukabomoka. Siku ya sita ukashika, maharage ya wengine yakafufuka, yangu, yaliyofikiwa na maji mwisho, hayakufufuka. Nimetembea mfereji wako siku sitini na sijakosa hata moja. Shamba langu limekufa ili mguu wako upone. Nisipopata maji ya kwanza msimu huu, sijui watoto nitawapa nini."

Nakunda akamshika mkono. Alikasirika na alishukuru, vyote pamoja, na hakujua aanze na kipi.

Bibi Nanzia akavuta ugoro, akapiga chafya mbili.

"Kwa kuwa ni siku ya kusema, na mimi niseme. Siku ya arobaini mfupa ulikuwa umeshika."

Sengondo akageuka ghafla.

"Lakini ulisema sitini!" akasema Sengondo.

"Nilipiga chuku. Mtu wa kutulia namwambia arobaini. Mtu kama huyu namwambia sitini, ili akijipunguzia theluthi abaki na arobaini. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake."

"Kwa hiyo siku ile ukingo ulipobomoka," Namboje akasema polepole, "angeweza kupanda?"

"Kwa fimbo, taratibu, ndiyo."

"Na maharage yangu yangepona."

"Yangepona. Nisamehe, mwanangu. Mimi nilikuwa nautazama mguu, sikuyatazama maharage." Bibi akamgeukia Nakunda. "Ila wewe nijibu. Ningekuambia arobaini, ungekaa ngapi?"

Nakunda alitaka kusema arobaini. Akakumbuka yule kuku. "Ishirini na tano," akasema.

"Basi. Mikono yangu iliunganisha, na uongo wangu ukalinda. Nimekivuka kilima hiki mara ishirini, na mimi nina shamba la viazi ng'ambo, kwenye mkia wa tawi la pili la mfereji, ambako maji hufika yakiwa tope. Sijawahi kuyaonja ya kwanza tangu nizaliwe."

Jioni ile, wageni walipoondoka, Sengondo alibaki akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Mimi sihitaji maji," akasema. "Shamba langu ni lako. Lakini watu wote wamesikia habari ya mitungi. Usiponiita pale juu, watasema mke wangu kaniita mwongo mbele ya wazee. Nami nitaishi na jina hilo."

Nakunda hakulala vizuri siku zote saba.

Siku ya kizibo ikafika. Watu walijipanga pande zote za njia, macho yao chini, kwenye mguu wa kushoto. Nakunda akapanda peku, bila fimbo. Pale kwenye utelezi alisimama, akavuta pumzi, watu wote wakavuta naye, akaendelea. Alipofika juu wazee wakapiga makofi, na kazi ikabaki yake. Akauweka mkono wake kwenye mti wa kizibo. Ndiva ilikuwa imejaa mpaka ukingoni.

"Ita," akasema mzee mkuu.

Watatu wale walikuwa wamesimama mbele yake. Bibi Nanzia alikuwa anahema bado kwa kile kilima. Namboje ana jembe begani. Sengondo hakumtazama mkewe machoni. Nakunda akafungua mdomo.

Na mimi nafunga wangu. Msiniambie awaite wote, mti ule una nafasi ya mikono minne tu, na miwili ni yake. Msiniambie asiite mtu, wazee walilisikia neno lake. Bibi aliunga mfupa, akaongeza siku ishirini, na kwa ishirini hizo shamba la mjane likakauka. Namboje alitoa miguu yake na chakula cha wanawe, lakini swali moja tu lingeokoa kila kitu, naye hakuliuliza. Sengondo alimdanganya mkewe kwa jambo analolipenda kuliko yote, akabeba mitungi kumi na miwili kila alfajiri ili asimpoteze. Maji yanasubiri, watu wanasubiri. Ninyi mlioko hapa, mngekuwa mmesimama na mguu ule uliopona, je, mngemwita nani?