Pilau ya Mnunua Nyumba

Pilau ya mnunua nyumba huliwa kwa zamu. Mmecheka, wajukuu zangu, mkadhani aliyesema hivyo alihofia sahani hazitatosha. Kaeni basi niwaeleze. Methali hii ilianza hivi, na mwanzo wake hauna kicheko.

Hapa Ngamiani, mjini Tanga, palikuwa na nyumba kuukuu ya ghorofa, ngazi zake za mbao, chokaa imebanduka, mabati yameshika kutu. Kila chumba kilikuwa na mpangaji wake. Mwenye nyumba, Mzee Semboja, alipofariki, warithi waliiuza kwa mfanyabiashara mmoja aitwaye Saburi, aliyetaka kujenga maduka pale pale. Asubuhi moja wapangaji waliamka wakakuta ukutani alama ya X ya rangi nyekundu.

Ghorofani alikaa Mwanahawa, mshona kofia, na mama yake, Bi Kidawa. Mama huyo alikuwa amepigwa na kiharusi kikamchukua miguu na ulimi. Alibaki kusikia na kutazama tu. Tangu ile alama ipakwe, Mwanahawa hakupata raha. Lori likipita, moyo unamruka. Mtu akikohoa mlangoni, sindano inamchoma kidole. Kilichowapa wapangaji pumzi ni neno la mjumbe wa mtaa: "Nyumba yenye watu haivunjwi." Kwa hiyo hawakutoka wote kwa pamoja. Huyu akienda sokoni, yule anabaki, na Saburi alikuja akafoka mpaka akachoka.

Kisha akabadilika. Alikuja amevaa kanzu nyeupe, anacheka na kila mtu.

"Ndugu zangu, tusigombane. Ijumaa namsomea hitima marehemu Mzee Semboja, nyumbani kwangu. Njooni nyote tumwombee."

Nani angekataa? Mzee Semboja aliwavumilia miaka mingi, na hitima ya mtu kama huyo haisusiwi. Hapo ndipo werevu wote ulipowatoka. Mwanahawa peke yake alisita, akamtazama mama yake kitandani.

"Twende, shoga," Mama Chano, jirani yake, alimhimiza. "Usipoonekana watasema umemnunia marehemu. Wa kubaki hakosekani."

Mwanahawa alimlisha mama yake uji, akamfunika shuka, akaenda.

Kisomo kilikwisha, masinia ya pilau yakaletwa. Mwanahawa alitia tonge mkononi, akainua macho. Mama Chano yupo. Wa chumba cha uani yupo. Hata kikongwe wa chini, ambaye kwa magoti yake hatoki kabisa, ameletwa na bajaji ya Saburi. Alichungulia upande wa wanaume. Wapangaji wote wapo, ila mwenye shughuli hayupo.

"Mama Chano, nani kabaki nyumbani?"

"Si yule bwana wa chumba cha mbele?"

"Yule pale, anakula!"

Kumbe kila mmoja aliondoka akiamini mwenzake amebaki. Mwanahawa aliliacha tonge kwenye sinia, akatoka mbio bila viatu, watu wanamshangaa. Alipofika pembe ya mtaa alisikia nyundo. Nusu ya mabati ilikuwa imeshateremshwa, na ngazi za mbao zimeng'olewa, zimelazwa barabarani.

"Mama yangu yuko juu!" alipiga kelele.

"Juu hakuna mtu, dada," msimamizi wa mafundi alimjibu. "Sisi hatuvunji bila kubisha. Tumepiga hodi kila chumba, hakuna aliyeitika."

"Ataitikaje? Hana ulimi!"

Nyundo zilinyamaza. Saburi, aliyekuwa amesimama ng'ambo ya barabara na kanzu yake, alisema, "Endeleeni. Huyo anatuchelewesha tu." Msimamizi alimtazama, kisha akachukua ngazi ya kupandia, akaiegemeza ukutani mwenyewe.

Walimkuta Bi Kidawa chini ya anga tupu, chandarua kimemwangukia hata wa juu wasimwone, uso umejaa vumbi, boriti imeanguka miguuni pa kitanda. Alikuwa hai. Machozi yalikuwa yamechora njia mbili mashavuni. Alizisikia hodi zote, wanangu. Alisikia na nyundo zikianza, na hakuwa na sauti ya kusema nipo.

Waliteremshwa, mama mgongoni mwa msimamizi, na nyumba ikabaki tupu, nyundo zikaanza tena. Wenzao waliporudi na harufu ya pilau mikononi, walikuta vyombo vyao kando ya barabara. Wakatawanyika, kila mtu na godoro lake. Bi Kidawa aliishi, lakini mpaka anakufa, mtu akibisha hodi alitetemeka mwili mzima.

Miaka ikapita. Nyumba aliyohamia Mwanahawa nayo ikapata mnunuzi, na mnunuzi naye akaleta mwaliko, mara hii karamu ya harusi ya mwanawe. Wapangaji wakaanza kupiga pasi nguo zao. Mwanahawa alivuta kigoda, akaketi kizingitini.

"Nusu yenu nendeni," aliwaambia. "Mkirudi, ndipo nasi twende. Pilau ya mnunua nyumba huliwa kwa zamu."