Midomo ya Manjano

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na majirani kama sisi, kijiji kimoja kiliingiwa na ugonjwa wa koo. Kho! Kho! Kila nyumba. Asubuhi mazishi, jioni mazishi.

Muuguzi alikuwa mmoja, Mama Nguchiro. Alichemsha majani, akaosha wagonjwa, akawafumba macho waliokufa. Alichoka hata machozi yakamkauka.

Siku moja Mzee Nyati, mkuu wa kijiji, aliwaita wote uani kwake.

"Nimemjua mchawi!" alinguruma. "Ni Bundi! Sote tunaugua, yeye haugui. Kesho tunachoma nyumba yake, naye akiwa ndani!"

"Achomwe!" akaitikia Kiboko. Kho! Kho!

"Jamani, nimewakosea nini?" Bundi aliuliza.

Mama Nguchiro alikuwa ameegemea ukuta. Aliutazama mtungi wa maji pale uani, na kata moja iliyokuwa ikipita mdomo kwa mdomo. Bundi hakuwahi kupewa kata ile. Walimwona nuksi, akanywa maji kwake peke yake.

"Mzee," alisema taratibu, "usiue kwa kubahatisha. Ninayo dawa. Nitampaka mgonjwa mmoja tu, na kesho adhuhuri mdomo wa mchawi utakuwa wa njano."

"Haya, fanya upesi!"

Akatwanga manjano, twa! twa! Akayachanganya na mafuta, akampaka Ngiri, mmoja wa waliokuwa wakikohoa, mdomoni, tele.

"Usifute, baba. Kaa na wenzako kama kawaida."

Ngiri akanywa maji, akampa Kiboko kata. Kiboko akanywa, glu-glu-glu, akampa Nyati. Ngiri akakohoa, kho! Vitone vya njano vikawarukia waliokaa karibu. Hakuna aliyejali.

Kesho yake adhuhuri wote walikusanyika tena uani, na Nyati akatoka ameshika kijinga cha moto.

"Bundi, sogea!"

Bundi akasogea. Mdomo wake ulikuwa safi.

Kiboko akakodoa macho. "Mzee... mbona mdomo wako!"

"Na wako je?"

Wakatazamana. Njano! Njano! Njano! Nyati akainama mtungini, akajiona. Kijinga kikamponyoka, puu!

"Kumbe mchawi ni mimi?"

"Hakuna mchawi," alisema Mama Nguchiro. "Nimewadanganya. Hayo ni manjano ya mchuzi tu. Nilimpaka Ngiri peke yake, mengine mmepakana wenyewe, kwa kata na kwa kukoholeana. Ugonjwa nao umepita njia hiyo hiyo."

Nyati akasema, "Marehemu mke wangu nilimnywesha kwa kata ile."

"Hukujua, Mzee."

Hakuna aliyeshangilia. Kuanzia siku ile kila mtu alinywea kibuyu chake, na aliyekohoa alikaa ndani, akawekewa chakula mlangoni. Ugonjwa haukukoma papo hapo. Walizika wawili tena, ndipo kijiji kikatulia.

Nyati alikwenda kumwomba Bundi radhi. Bundi alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Nimekusikia, Mzee." Lakini hakumkaribisha ndani.

Wanangu, ugonjwa tunaambukizana wenyewe, na anayehangaika kumtafuta mchawi huuachia njia.