Samaki wa Birika la Maalim Zubeiri

Wametusimulia wazee wetu, nao walisimuliwa na wazee wao, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba katika mji mmoja wa pwani aliishi mja mwema aliyeitwa Maalim Zubeiri. Alikuwa imamu wa msikiti mdogo, mcha Mungu na mpole wa maneno, wala hakuwa na aibu inayojulikana isipokuwa kukoroma. Kila siku baada ya sala ya Adhuhuri alilala kailula, usingizi mfupi wa mchana, kama watu wote wa mji ule walivyolala, na mkewe, Bi Mwanashee, alikuwa akisema kwamba Maalim akianza kukoroma hata mbuzi wa jirani huacha kutafuna ili wasikilize.

Msikiti ule ulikuwa na birika la kutawadhia, na ndani ya birika waliishi samaki wadogo saba, waliowekwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Basi ukaja mwaka wa ukame. Kisima cha msikiti kikakauka, na birika likashuka mpaka samaki wakawa wanaogelea ubavu. Maalim akasali Adhuhuri, akaomba, akalia machozi ya kweli. Kisha akarudi nyumbani, akalala. Alipokuja kusalisha Alasiri, alikuta birika limejaa pomoni, na juu hakuna hata wingu.

Siku ya pili watu wakatawadha, maji yakapungua, mji ukalala kailula, na Alasiri birika likawa limejaa tena. Siku ya tatu vilevile.

Mwadhini wa msikiti, Bwana Faki, hakuwa mtu wa kukaa na jambo. "Jamani, hii ni karama!" akatangaza sokoni. "Maalim analala, maji yanapanda!"

Watu wakaanza kuja na chupa. Bibi mmoja akamleta kuku wake aliyekataa kutaga, akamnywesha. Wengine walipita mchana chini ya dirisha la Maalim, wakasimama kwa adabu, wakasikiliza, wakasema ule si mkoromo, ule ni uradi wa siri.

Mwanzo Maalim alikataa. "Astaghfirullahi, mimi nani?" alisema. Lakini kila siku aliyasema maneno hayo kwa sauti ndogo zaidi. Mwezi ulipokwisha alikuwa akitembea taratibu mno, na mkono wake ulikuwa ukitangulia kutoka kabla hajatokea wa kuubusu.

"Baba Salme," mkewe akamuuliza, "tangu lini unatembea kama mtu aliyebeba yai kichwani?"

"Mama Salme, mja hajui Mola wake amemweka daraja gani."

"Leo amekuweka jikoni. Nipasulie kuni."

Siku ya Jumatano Bwana Faki akaja na habari. Masheikh wa miji mingine wangefika Ijumaa kuliona birika kwa macho yao. "Ila Maalim, kuna fedheha moja," akasema. "Nyuma ya birika, ukutani, kuna lile tundu la zamani la maji ya mvua. Linatazama ua wa Fundi Jivraji, yule Baniani mpiga bati. Wageni watasema nini, karama yetu inachunguliwa na Mhindu? Ijumaa asubuhi nitaliziba kwa mawe na chokaa."

"Ziba," Maalim akasema, wala hakufikiri.

Lakini Alhamisi moyo ulimchoma. Wageni wangemuuliza, "Maalim, maji hupandaje?" naye hajapata kuyaona yakipanda hata siku moja. Akanuia kutolala. Baada ya Adhuhuri alijibanza nyuma ya nguzo ya msikiti, na huo, ndugu zangu, ulikuwa mtihani mzito kuliko njaa ya Ramadhani. Alitafuna karafuu. Alijifinya mapaja. Kichwa kilikuwa kimeshamlalia kifuani aliposikia maji yakichuruzika.

Akainuka, akanyata. Katika lile tundu ulikuwa umechomoza mlizamu wa bati, unamimina maji safi birikani. Maalim akainama achungulie, akakuta jicho la mtu linamtazama.

"Nani wewe?" akapiga kelele.

"Mimi Jivraji. Wewe nani?"

"Mimi Maalim!"

"Maalim! Leo hukulala? Unaumwa?"

Maalim akazunguka mbio mpaka uani kwa jirani yake. Akamkuta Fundi Jivraji amesimama kando ya kisima chake na ndoo mkononi, shuka imelowa mpaka kiunoni, na viganja vyake vimechunwa na kamba.

"Tangu lini, fundi?"

"Tangu siku ile samaki walipolala ubavu. Nawaona kutoka dirisha langu la juu. Mchana nafunga duka, ndiyo nafasi yangu."

Maalim akauliza, "Kwa hiyo maji haya hayakuja kwa dua yangu?"

"Dua ipi, Maalim?"

"Wala hukuyaleta kwa ajili yetu sisi tunaosali?"

Jivraji akaona haya. "Mkipata nanyi, nafurahi sana. Lakini nyinyi mna miguu, Maalim. Maji yakiwaishia mtakwenda kutafuta. Samaki atakwenda wapi?"

Kisha akaeleza. Kwao, katika dini ya Kihindu aliyolelewa nayo, joto likizidi mtu huweka maji njiani ili anywe kila apitaye, awe mtu, ng'ombe au ndege, wala haulizwi wewe wa nani. Huita parabu. Mamake aliishika desturi hiyo mpaka alipofariki.

"Sisi twaita sabili," Maalim akasema polepole.

"Basi kumbe ni kitu kimoja."

"Na huna habari kwamba kesho Faki ataliziba tundu?"

"Ninayo. Alikuja jana kuniambia nisiichungulie karama."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwazima mwiko wa chokaa. Wake umevunjika mpini." Jivraji akatazama chini. "Ila nakuomba, Maalim, kabla hajaziba, mnipe wale samaki. Nitawafuga kwenye pipa."

Maalim alirudi nyumbani miguu mizito. Akamweleza mkewe yote. "Nitamwambia Faki aliache tundu," akasema, "ila sababu si lazima niitaje. Maji yataendelea kuja, na watu hawatavunjika moyo."

Bi Mwanashee alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso. "Na huo mkono watakaokuja kuubusu kesho, umevuta ndoo ngapi?"

Maalim hakulala siku hiyo, mchana wala usiku.

Ijumaa ua wa msikiti ulijaa watu. Bwana Faki alikuwa tayari, mawe miguuni na mwiko mkononi, anawaonyesha wageni birika.

"Faki, weka chini mwiko huo," Maalim akasema. "Wa nani?"

"Wa Fundi Jivraji."

"Na taa tunayosomea darsa, aliitengeneza nani?"

"Fundi Jivraji."

"Na bati la paa la madrasa, mvua ilipokuwa ikitunyeshea?"

"Yeye yule."

"Na maji haya?"

Faki akachangamka. "Hayo ni ya Maalim!"

"Ni ya Fundi Jivraji," Maalim akasema. "Mwezi mzima ameyavuta kisimani kwake kwa mikono yake, samaki hawa wasife. Mimi nilikuwa nimelala. Mnisamehe, maana nilipenda kusifiwa."

Sheikh mmoja mgeni akauliza, "Je, maji ya Mhindu yafaa kutawadha?"

"Maji ni ya Mwenyezi Mungu, sheikh wangu. Yeye ameyavuta tu, nasi hata kuyavuta hatukuyavuta."

"Na ule uradi wa mchana?" sauti ikatoka nyuma.

"Ulikuwa mkoromo."

"Nilisema mimi!" Bi Mwanashee akaitikia kutoka mlangoni.

"Na kuku wangu aliyetaga?" bibi wa kuku akalia.

"Kamshukuru Jivraji!" wakamjibu, na ua mzima ukaangua kicheko, masheikh na wote.

Faki, masikini, chokaa ilikuwa imeshachanganywa. Akaitumia kulisakafia tundu vizuri, mlizamu ukae imara. Fundi Jivraji alipoitwa mlangoni ashukuriwe mbele ya watu, alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama samaki bado ni saba. Walikuwa tisa.

Na tangu siku ile, mchana ulipofika, Maalim Zubeiri alikwenda uani kwa jirani yake kushika upande mmoja wa kamba, na watu wa mtaa wakapokezana naye mpaka mvua iliponyesha. Wasimulizi wanasema hakuonekana na karama nyingine maishani mwake, ila viganja vyake viliota sugu, na mbuzi wa jirani wakatafuna kwa raha.

Nasi tujiulize, ndugu zangu, ni neema ngapi tumezipata tukadhani ni kwa utukufu wetu, kumbe upande wa pili wa ukuta kuna jirani shuka imemlowa. Mola atujaalie tuamke, tumwone, tumtaje kwa jina lake.