Kiboko Aliyenyima Hata Upepo

Paukwa.
"Pakawa."
Naingia.
"Ingia."
Naingia na mkubwa?
"Mwache nje."
Naingia na mdogo?
"Mlete."

Haya. Mdogo mwenyewe anaitwa Kichachu. Ni kidudu, na usikodoe macho kumtafuta, humwoni. Wakae mia kwenye ncha ya sindano, bado wanapata nafasi ya kucheza bao. Kwao ni tumboni mwa Kiboko, ndani kabisa, penye giza na joto na harufu. Kwake yeye harufu ile ndiyo udi. Kazi yake kuchachusha nyasi. Kiboko anameza, Kichachu anachachusha, zinageuka shibe, inabaki na gesi kidogo. Mke hana. Akitaka ndugu anajikata katikati, pwa, wako wawili, na kila mmoja anajiita kaka mkubwa.

Ila kuna kitu kimoja hakiwezi. Hewa. Hii hii unayovuta wewe kwa raha zako. Ikimgusa Kichachu tu, kwisha habari yake.

Sasa huyo Kiboko. Akijigeuza mtoni, maji yanahamia mto wa jirani, nimeyaona kwa macho haya. Na choyo chake kilikuwa kikubwa kuliko tumbo.

Swala akaja. "Mzee, naomba nyasi."

"Nyasi zangu. Hupati."

Bata akaja. "Mzee, naomba tope kidogo nichezee."

"Tope langu. Hupati."

Akaja ndege mdonoa kupe. "Mzee, naomba huyo kupe wa sikioni."

"Kupe wangu. Hupati."

Ndege akachukia. "Mimi unaninyima kupe, na humo tumboni umejaza wapangaji wanakula nyasi zako bure?"

"Wapangaji gani?"

"Sikiliza mwenyewe."

Kiboko akatega sikio. Tumbo likasema ngurrr.

"Nani huyo?"

Kule ndani Kichachu akaitika. "Shikamoo, baba mwenye nyumba."

"Kaa na shikamoo yako. Unakula nyasi zangu. Napanda ukingoni sasa hivi, napanua domo, nameza upepo mpaka tumbo lijae, niwapeperushe wote."

Yule nusu yake, waliyekatana naye asubuhi ile ile, akaanza kulia.

"Tumekwisha, mdogo wangu."

"Mdogo wako nani? Hebu nyamaza nifikiri."

Kiboko akapanda ukingoni, du, du, du. Akapanua domo, aaaa. Upepo ukaingia kinywani. Ukafika kooni.

Kichachu akapaza sauti, akachangamka kama mtu aliyealikwa pilau. "Asante, baba. Tulikuwa tunaulizana humu, hivi mzee atatufungulia dirisha lini? Joto linatumaliza. Leta, baba, leta."

Kiboko akakwama na domo wazi. Tangu azaliwe hajashukuriwa na mtu. Ikamuuma. Domo likajifunga, pa.

"Upepo wangu. Hupati."

"Kidogo tu, baba."

"Hupati."

"Basi hata wa kupitia nyuma."

"Hata wa nyuma hupati." Akabana na kule nyuma, akakandamiza mkia juu yake kama komeo.

Akarudi mtoni, kaacha pua tu juu ya maji, anacheka moyoni. Yeye mwenyewe akikosa kuchomoza pua, roho inamtoka. Akadhani na wale wa ndani ni hivyo hivyo.

Wale wa ndani wakashika kazi. Nyasi za jana, nyasi za juzi, chacha, chacha, chacha. Wakajikata, wakajikata tena. Gesi ikapanda.

"Mmekufa?"

"Bado kidogo, baba. Bana."

Akabana. Chacha, chacha, chacha. Tumbo likawa ngoma.

"Mmekufa?"

"Roho iko hapa mlangoni, baba. Bana."

Akabana. Mara maji yakamkataa. Akaelea juu, akapinduka, miguu minne inaangalia mawingu. Swala akaja kutazama. Bata akaja. Ndege akatua juu ya kitovu.

"Mzee, achia, utapasuka."

Kiboko, macho yamemtoka, akasema, "Gesi yangu. Hampati."

Ndege akamdonoa kitovuni, tu.

Pruuuuuuu.

Mkia ukazunguka kama feni. Swala akapata haki yake, bata akapata yake, hakuna aliyenyimwa. Mimi nilikuwa ng'ambo, kijiji cha tatu, na shati langu likang'oka kwenye kamba. Ndege akala kupe wake polepole, mwenye kupe hana nguvu ya kusema hupati.

Kichachu alikuwa amejibana kwenye kona, hewa haikumfikia. Yule nusu aliyejidai mkubwa alikaa karibu na mlango. Huyo tusimtaje. Kichachu akajikata mwingine, pwa.

Na mpaka leo Kiboko hangoji kuulizwa. Ikija tu anaachia, na mkia anazungusha mwenyewe, agawie watu.

Funzo, watoto: waheshimuni wakubwa, msiwadanganye kamwe. Na mkiwa mbele za watu mkabanwa, baneni.

Natoka.
"Toka."
Natokea mbele?
"Pamefungwa."
Natokea wapi?
"Nyuma."