Macho ya Joost kwenye Bamba la Shaba

Asubuhi za Antwerpen, ukungu ulipopanda kutoka mtoni, nyumba ya Joost Verhulst ilionekana kama inaelea. Ndani, turubai ziliegemea ukuta zikiwa nusunusu: farasi bila vichwa, malaika bila nyuso. Joost, fundi aliyewahi kupamba makanisa matatu, alikuwa na mwaka wa pili hajamaliza picha. Waliomuuliza aliwajibu kuwa anangoja mwanga mzuri. Siri aliijua peke yake: mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na dunia imegeuka maziwa.

Chama cha wachoraji kikataka sura za mabingwa wake zichongwe kwenye shaba, zichapwe na kusambazwa mijini. Kwa Joost akatumwa mchongaji Aleydis. Siku tisa mwanamke huyo aliketi mbele yake, kalamu ya chuma ikikwaruza taratibu kama panzi mwenye usingizi. Siku ya kumi alimwomba autazame mkono wake. Joost akatazama dirisha.

"Bwana Joost, huoni," Aleydis alisema kwa upole.

Mzee akainamisha kichwa, akasema: "Nichongee macho yangu ya zamani, binti yangu. Wakijua, nani ataniita mchoraji?"

"Nikikuchongea macho ya mtu mwingine, chini yake niandike jina la nani?"

Kengele za kanisa zikalia, zikanyamaza. Hatimaye Joost akamwambia achonge alichokiona.

Karatasi zilipoenea, fedheha ilikuja kwanza. Kanisa moja likampa mwingine kazi aliyoahidiwa Joost, na wenzake wakamteta sokoni. Joost akajifungia, akimlaani Aleydis na shaba yake.

Lakini karatasi moja ilifika mji wa Liège, mikononi mwa tabibu wa macho aitwaye Gommaert. Akauona ule utando wa mtoto wa jicho uliochongwa machoni, akautambua, akapanda gari la farasi hadi Antwerpen. Akamketisha Joost dirishani, Aleydis aliyeitwa kusaidia akamshika kichwa, na tabibu akausukuma utando kwa sindano.

Jicho la kushoto halikupona. La kulia lilifunguliwa kitambaa siku ya nane. Joost alikitazama kikapu cha samaki mezani, magamba yakimeremeta, akalia. Kisha akaomba brashi. Picha ya kikapu kile, yenye mistari iliyopinda kidogo, ilikamilika kabla ya Pasaka, na nyingine zikaifuata.

Ama kweli, mficha uchi hazai.