Fundi Friji na Dashibodi ya Kijani

Kulikuwa na fundi friji mmoja pale Mbalizi, mtaa wa nyuma ya soko. Jina lake nalijua ila sitalitaja, maana ana shemeji yake humu ndani, na shemeji mwenyewe ameshaanza kutazama viatu vyake.

Huyu alikuwa fundi kweli. Si hawa wa kugongagonga kompresa kwa bisibisi halafu wanakwambia nunua mpya. Yeye alisikiliza friji inavyonguruma kama daktari anavyosikiliza kifua, akakwambia gesi imepungua kiasi gani. Na alikuwa na maneno yake. Mteja akija analalamika kwamba nyama imeoza wakati friji ni nzima, taa inawaka, fundi alifuta mikono kwenye ovaroli, akasema:

"Mama, taa inakwambia umeme upo. Haikwambii baridi ipo. Baridi unaitafuta kwa mkono."

Maneno hayo aliyasema miaka kumi na moja. Mke wake aliuza maziwa ya mgando kwenye kibanda cha pili, ukuta wa bati katikati, na aliyasikia mpaka akawa anayamalizia yeye. Mume akianza "Mama, taa inakwambia umeme upo," ng'ambo ya ukuta inasikika sauti: "Baridi unaitafuta kwa mkono." Wateja wanacheka, maziwa yananunuliwa.

Sasa kiwanja kilichobeba vibanda vile viwili hakikuwa chao. Kilikuwa cha muuguzi mmoja mstaafu, bibi asiyependa maneno mengi. Mwaka ule bibi akaamua kuhamia kwa mwanawe Sumbawanga. Akamwita fundi.

"Nakuuzia wewe kwanza," akamwambia, "kwa sababu umekaa hapa bila kunisumbua. Lakini Pasaka ikipita naondoka. Siku ya kuondoka kama hela haijafika mkononi, kuna mtu wa gereji anakitaka chote, na yeye hana kazi na mafriji yako."

Fundi hakutetemeka. Alikuwa na sarafu zake za mtandaoni.

Naona wazee wananikazia macho. Sarafu gani tena hizo? Tulieni, nitawaeleza. Mimi shule niliiacha darasa la sita na nimeelewa, kwa hiyo hata ninyi wenye digrii mtaelewa.

Kuna fedha ambazo huzishiki mkononi, ziko mtandaoni tu. Ukiwa nazo unaweza kuzifunga. Unazifunga chini ya mtu mwenye kompyuta isiyozimwa, ambaye kazi yake ni kuthibitisha miamala ya mtandao ule. Wanamwita mthibitishaji. Akifanya kazi, mtandao unamlipa, na wewe unagawiwa kidogo. Sarafu bado ni zako, ila ukitaka kuzifungua unasubiri siku ishirini na moja. Na asipofanya kazi? Kwenye mtandao ule wa fundi, kila siku ambayo hayupo kazini wanamega kidogo. Wanamega zake, wanamega na zako wewe uliyemwamini. Yeye analala, inakula kwako.

Fundi alikuwa amefunga sarafu elfu moja na mia mbili. Bei ilikuwa imetulia kipindi kile, na elfu moja na mia mbili zilitosha kiwanja chote, urefu wake hatua arobaini.

Lakini mali usiyoiona, unajuaje inaendeleaje? Kwa dashibodi. Huo ni ukurasa kwenye simu: unauandikia anwani ya pochi yako ya mtandaoni, zinakokaa sarafu, nao unakuonyesha sarafu zako na nyongeza yake. Ziko nyingi, na kila moja inakwambia njoo kwangu. Fundi akajaribu nne.

Moja ilimwomba maneno kumi na mawili ya siri yanayofungua pochi. Hapo hakuwa mjinga, aliifunga mara moja. Mtu anayetaka kuwatazama kuku wako dirishani, ufunguo wa banda anautakia nini? Mpigieni makofi hapo, maana mbele huko hatayapata.

Zikabaki tatu. Anwani ile ile, sarafu zile zile, lakini kila dashibodi ikaleta namba yake. Moja ilikuwa mbaya ya sura, maandishi meusi kwenye weupe kama tangazo la msiba ukutani. Ilisema sarafu ngapi, jana zimeongezeka ngapi, na mthibitishaji yupo kazini au hayupo. Basi. Ya pili ilikuwa ya katikati, wala sina habari nayo. Ya tatu, jamani, ilikuwa kijani. Ilikuwa na kijani cha mpunga uliopata mvua, na namba yake ilipanda mbele ya macho yako, nukta kwa nukta, usiku na mchana. Na ndiyo iliyosema namba kubwa kuliko zote.

Unafikiri fundi alichagua ipi?

Ni sawa na kuzunguka soko zima ukijipima uzito kwenye mizani tatu, halafu unarudi nyumbani na ile iliyosema umepungua. Mama wa kitenge cha njano, mimi sijakutazama.

Kumbe ile ya kijani haikuwa inamtazama mthibitishaji kabisa. Ilichukua namba ya siku ya kwanza, ikazidisha kwa asilimia iliyoahidiwa, ikazidisha kwa siku. Ilikuwa inakisia. Na haikumdanganya, maana chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilikuwa imeandika "makadirio". Fundi hakuwahi kushuka mpaka huko. Juu kulikuwa kuzuri, ashuke afuate nini?

Mke wake akaichukua ile mbaya, akaiweka kwenye simu yake na kwenye ya mumewe. Ilihitaji anwani tu. Kukiwa na tatizo, inalia.

Ikalia.

"Baba Subilaga," akaita mke kupitia ukutani, "yule mtu wako hayupo kazini. Siku ya nne leo."

"Nani kasema?"

"Hii hapa."

Fundi akaja, akachungulia simu ya mkewe. "Hiyo? Hiyo hata rangi haina."

"Uji nao haukuwa na rangi, na asubuhi umekunywa vikombe viwili."

"Tazama yangu, Mama Subilaga. Inapanda. Hapa tunapoongea imepanda."

"Inapanda kwa sababu gani?"

"Sababu gani tena? Inapanda, si unaiona."

Akarudi kibandani kwake, na kwa vile simu yake nayo ilikuwa inalia kila asubuhi, akaizima sauti ile dashibodi mbaya. Hakuifuta. Aliizima sauti tu, ili aweze kufanya kazi kwa amani.

"Siku ya tisa leo," mke akasema siku nyingine, akimpa mteja chenji.

"Mke wangu, wewe unapenda habari mbaya kama mtu anayelipwa."

Siku ya kumi na nne mke akanyamaza. Wanaume, mkeo akinyamaza usidhani umeshinda. Anapanga.

Ikaja Jumamosi moja, jua la mchana limewaka. Fundi alikuwa ametoka kutengeneza friza la muuza samaki, shati limeganda mgongoni. Akaingia kwa mkewe, akakaa juu ya kreti.

"Nipe maji ya baridi, nakufa."

Mke akafungua friji, akamimina bilauri, akampa kwa mikono miwili kama mgeni. Fundi akapiga funda moja kubwa, akasimama katikati.

"Mbona vuguvugu?"

"Vuguvugu? Haiwezekani. Taa inawaka."

"Mama Subilaga, maji haya hayana baridi."

"Fungua mwenyewe uone. Inawaka vizuri, tena leo nimeifuta vumbi."

Akafungua. Taa ikammulika usoni, nyeupe, safi, nzima. Maziwa hayakuwemo hata kopo moja, yalikuwa yamehamishiwa kwa jirani tangu alfajiri. Akatia mkono mpaka nyuma kabisa, hakuna kitu. Akaona kile kitufe cha baridi kimezungushwa hadi sifuri. Akageuka, ufundi umempanda kichwani, akainua kidole:

"Mama, taa ina..."

Ikaishia hapo.

"Endelea," mke akamwambia. "Malizia."

Fundi alikaa tena juu ya kreti, akatoa simu, akaitafuta ile dashibodi aliyoizima sauti. Maandishi meusi kwenye weupe. Mthibitishaji: hayupo kazini, siku 19. Sarafu: 1,140. Akafungua na ile ya kijani. Sarafu: 1,209, na wakati anatazama ikapanda tena kidogo, ikimchekea.

"Zimebaki siku ngapi bibi aondoke?" akauliza, sauti chini.

"Ishirini na tatu."

"Na kufungua ni ishirini na moja."

"Najua. Ndiyo maana maji nimekupa leo. Jumanne ungekunywa bure."

Fundi akabonyeza kufungua pale pale, mkono bado una maji. Kisha akaoga, akavaa shati la ibadani, akaenda kwa bibi bila kusubiri kuitwa. Angeweza kwenda kumwonyesha ile dashibodi ya kijani. Bibi mwenyewe asingejua tofauti. Njiani aliliwaza hilo, sitawaficha, mpaka alipofika mlangoni.

"Bibi," akasema, "hela ya kiwanja chote sitakuwa nayo. Itapungua sehemu moja kati ya ishirini. Nilikuwa natazama namba iliyonifurahisha, nikaacha kutazama iliyo kweli. Mke wangu aliniambia mara mbili."

"Mimi nimepima watu homa miaka thelathini na mbili," bibi akasema. "Nimeona mtu mzima anakikung'uta kipimajoto mpaka kishuke, halafu anavaa koti anaenda nyumbani anafurahi, na homa anayo. Wewe umenirudishia kipimajoto bila kukikung'uta. Lakini bei ya huruma sina, fundi. Nitakukatia kinacholingana na hela yako."

"Nashukuru, Bibi."

"Usishukuru bado. Utajibana."

Na kweli. Siku ya mauziano walipima hatua thelathini na nane. Mbili zikaenda kwa mtu wa gereji, na ukuta ukasogea ndani. Mpaka leo, fundi akifungua mlango wa friza kubwa unagonga ukuta: ngo. Na ng'ambo ya bati sauti ya mama inasikika: "Hatua mbili hizo." Wateja wanacheka, na fundi naye anacheka, kicheko cha tumboni, kwa sababu ukuta unaogongwa ni wa kwake, na mke anayemcheka ni wa kwake, na sarafu chache alizonunua baadaye amezifunga kwa mtu anayefanya kazi, anazitazama kwa dashibodi ile iliyofanana na tangazo la msiba. Kila Jumamosi, mara moja, kisha simu inarudi mfukoni.

Haya, mmecheka. Nimewaachia mcheke makusudi, maana mtu akicheka mdomo huwa wazi, na dawa inapita.

Mlidhani namsema fundi? Fundi alishapona, yuko kazini kwake anagonga ukuta. Nawasema ninyi, na mimi nikiwemo, ila ninyi zaidi.

Sisi nasi tumefunga mali, na hatukuifunga kwenye kompyuta. Tumefunga miaka yetu, ndoa zetu, watoto wetu, na roho hii moja tuliyopewa. Na tuna dashibodi zetu za kijani. Sare ya kwaya imenyooshwa. Kitabu kina zipu. Kila asubuhi tunatuma ujumbe wa baraka kwa watu mia mbili, na aliyelala kitandani pembeni yetu hatujamsalimia. Jumapili tunajihesabu: nimekuja, nimeimba, nimetoa, namba imepanda. Imepanda kwa sababu gani? Inapanda tu, si unaiona. Ndugu yangu, hayo ni makadirio. Shuka chini kwenye herufi ndogo usome.

Taa inawaka, sibishi. Nani ametia mkono ndani? Mnaolisoma Neno mnajua maji ya vuguvugu hufanywa nini yakishafika mdomoni.

Na msiniambie hamkuonywa. Kila mmoja wetu humu anaye mtu asiye na rangi, anayesema lile lile kila siku bila kupamba. Kwako ni mke. Kwake yule ni mama mzazi. Kwa kijana yule aliyeegemea nguzo ni rafiki aliyemwambia "hao unaotembea nao siku hizi siwaelewi", na tangu hapo simu yake haipokelewi. Hatukuwafukuza watu hao, sisi ni wastaarabu. Tumewazima sauti tu, ili tufanye kazi kwa amani. Na hao hawapigi kelele milele. Ikifika siku ya kumi na nne, wananyamaza.

Basi leo ukitoka hapa usianze na kwangu, mimi sadaka nimeshaiona. Anza na huyo uliyemzima. Nenda ukakae mbele yake, hata kama ni juu ya kreti, umuulize swali moja: siku ya ngapi leo?

Halafu unyamaze, umwache ajibu.